Siku 23 Kwenda, Miezi Mitatu Kurudi: Rekodi za Wazungu Waliotafuta Njia ya Baharini

Pilipili manga ndiyo iliyowatoa kwao. Karne ya 15 ilipokuwa ikielekea ukingoni, pilipili iliyochumwa Malabar ilipita mikononi mwa Wagujarati, Waarabu, Wamisri na mwishowe Waveneti kabla ya kufika kwenye vyungu vya Ulaya, na kila mkono uliongeza bei. Wareno na Wahispania wakataka kuifuata wenyewe ilikotoka. Baada yao wakaja Waingereza, Waholanzi na Wafaransa. Mahangaiko hayo yakazaa orodha ndefu ya nani alitangulia, nani alifika mbali zaidi, nani alirudi na mali nyingi zaidi. Vitabu vya shule vimeirithi orodha hiyo ilivyo: jina la nahodha, mwaka, bendera.

Hapa naipanga upya. Kila rekodi nimeiuliza mambo mawili: nani alikuwa anaijua njia, na nani alikufa. Baadhi ya majina makubwa yanashuka, na watu wengine ambao hata majina yao hayakuandikwa wanapanda.

Hofu iliyowarudisha wengi zaidi

Rasi ya Bojador, kwenye pwani ya Sahara Magharibi, haina mlima wa kutisha. Lakini maji yake ni ya kina kifupi mpaka mbali na ufuko, vumbi la jangwani huifunika, na upepo wa kaskazini-mashariki huvuma karibu mwaka mzima. Chombo kilichokwenda kusini hakikuwa na hakika ya kurudi. Mwana wa mfalme wa Ureno, Henrique, alituma manahodha kwa takriban miaka 12, na mmoja baada ya mwingine walirudi na udhuru. Gil Eanes naye alirudi na udhuru wake. Alipotumwa tena mwaka 1434, akaiacha pwani, akaingia bahari kuu, akaipita rasi kwa mbali, kisha akarudi ufukweni upande wa pili. Hakukuta maji yanayochemka wala mazimwi, ila mchanga mtupu.

Ufundi huo wa kuipa nchi kisogo ili kuutafuta upepo ndio uliofungua safari zote zilizofuata. Ulifungua na biashara nyingine. Mwezi Agosti 1444 watu 235 waliotekwa kwenye pwani ya Afrika iliyo kusini ya rasi hiyo walipangwa na kugawanywa huko Lagos, mji wa kusini mwa Ureno, watoto upande mmoja na mama zao upande mwingine. Tutaurudia mji huo baadaye.

Siku nyingi zaidi bila kuona nchi

Columbus husifiwa kwa kuvuka Atlantiki. Aliondoka Gomera, kisiwa kimojawapo cha Kanari, tarehe 6 Septemba 1492, akaiona nchi tarehe 12 Oktoba: siku 36. Vasco da Gama aliondoka Santiago ya Cape Verde tarehe 3 Agosti 1497 na hakuona nchi kavu hadi tarehe 4 Novemba, si mbali na ncha ya kusini ya Afrika. Ni zaidi ya siku 90. Aliiacha pwani kwa makusudi, akafanya mzunguko mkubwa katikati ya Atlantiki mpaka alipozipata pepo za magharibi za kumsukuma kuelekea rasi. Kwa ubaharia mtupu, safari hii naiweka juu ya ile ya Columbus, ambaye aliupunguza mno ukubwa wa dunia katika hesabu zake, akafa mwaka 1506 akishikilia kwamba alikofika ni Asia.

Kivuko chepesi na kivuko cha mauti, bahari ileile

Ndani ya Bahari ya Hindi ndiko rekodi mbili zinazonigusa zaidi zilikowekwa, na zote ni za mtu mmoja, katika safari moja.

Da Gama alitoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 na vyombo vinne na watu kama 170. Alifika Msumbiji mwezi Machi 1498, akagombana na wenyeji, akawafyatulia mizinga. Mombasa alifika tarehe 7 Aprili. Huko nako kukawa na shaka pande zote mbili, na marubani aliokuwa amewachukua Msumbiji wakajitosa majini na kuogelea pwani. Wiki moja baadaye alikuwa Malindi. Mtawala wa Malindi alikuwa na ushindani wa siku nyingi na Mombasa, na wageni wenye mizinga aliwaona kuwa na faida. Akawapa chakula, akawapa rubani.

Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi ikiwa ndiyo kwanza inaanza kushika. Kwa siku 23 hawakuona nchi. Tarehe 18 Mei milima ya Malabar ikajitokeza mbele yao, na siku mbili baadaye wakatia nanga karibu na Calicut. Wareno walikuwa wameitafuta njia hiyo kwa miongo kadhaa, na kutoka Lisbon hadi Malindi peke yake waliteseka miezi tisa. Kipande cha mwisho, ambacho ndicho kilichokuwa fumbo lote, kilimalizika kwa wiki tatu na ushei, kwa sababu mtu aliyekijua alisimama kando ya usukani.

Mtu huyo ni nani? Simulizi maarufu humtaja Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ras al-Khaimah ya leo, mwandishi mkubwa kuliko wote wa elimu ya bahari kwa Kiarabu. Wanahistoria wengi sasa hawaikubali simulizi hiyo. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanamtaja Mgujarati, na Ibn Majid wakati ule alikuwa mzee. Kwa hiyo rubani aliyeiunganisha Ulaya na India kwa njia ya bahari hana kaburi linalojulikana, wala sanamu, wala mtaa wenye jina lake. Rekodi ile ni yake.

Sasa tazama kurudi. Da Gama alikosana na mtawala wa Calicut, akaondoka mwishoni mwa Agosti akiwa na haraka na hasira. Alitengeneza vyombo vyake kwenye kisiwa cha Anjediva, akang'oa nanga tarehe 5 Oktoba. Mtu yeyote wa pwani hii angemwambia angoje. Oktoba ni tangambili: kusi imechoka, kaskazi haijaamka, na tanga hulegea wiki nzima. Wafanyabiashara wa Gujarati na wa Malindi walikuwa wakikaa bandarini hadi kaskazi ishike, ndipo wavuke. Yeye hakungoja. Kivuko cha siku 23 kikamchukua karibu miezi mitatu.

Shajara ya safari hiyo, iliyoandikwa na mmoja wa watu waliokuwamo, inaeleza waziwazi. Fizi zilivimba zikafunika meno, miguu ikafura, watu 30 wakafa, juu ya wengine 30 waliokwisha kufa kabla. Katika kila chombo walibaki saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi, nao si wazima. Tarehe 2 Januari 1499 wakaiona Mogadishu. Tarehe 7 wakawa Malindi. Watu waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vitatu vilivyosalia, hivyo mwezi huohuo wakakiteketeza kwa moto kimojawapo, São Rafael, kwenye mafungu ya Mtangata, pwani ya Tanga. Paulo da Gama, nduguye Vasco na nahodha wa chombo hicho, alifia visiwa vya Azores akiwa karibu na kwao. Waliorudi Ureno ni kama theluthi moja ya waliotoka.

Kusi na kaskazi hazikuwa siri ya mtu. Mchukuzi yeyote wa bandari ya Malindi alizijua.

Dawa iliyosubiri muda mrefu zaidi

Ugonjwa uliowaua ni kiseyeye, unaotokana na kukosa matunda na mboga mbichi. Shajara ileile ina habari ambayo sichoki kuirudia. Da Gama alipofika Mombasa mwezi Aprili 1498, mtawala wa mji alimpelekea kondoo, na pamoja naye machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Waandishi hukumbuka hila na uhasama wa siku zile na kuyasahau machungwa. Mwaka uliofuata, Malindi, wagonjwa wenyewe waliyaulizia machungwa kwa hamu, na mtu akatumwa nchi kavu kuyaleta, ingawa kwa wengi wao muda ulikuwa umekwisha. Mabaharia, basi, walijua kinachowafaa. Waliowatuma ndio hawakujua, au hawakujali.

Mwaka 1740 Muingereza George Anson aliondoka na kundi la manowari na watu kama 1,900 kwenda kuwavizia Wahispania katika Pasifiki. Kati ya hao, waliorudi pamoja naye mwaka 1744 walikuwa 188. Waliouawa na adui ni wachache mno. Kiseyeye na maradhi mengine ndivyo vilivyoua walio wengi. Anson alikuwa ameteka jahazi la Kihispania lenye vipande vya fedha zaidi ya milioni 1.3, na London ikashangilia magari 32 yaliyobeba hazina hiyo mitaani. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1747, daktari James Lind akawapanga wagonjwa 12 wa kiseyeye wawili wawili kwenye manowari Salisbury, kila jozi ikapewa tiba yake. Jozi iliyokula machungwa na malimau ikapona ndani ya siku chache. Hata hivyo jeshi la wanamaji la Uingereza halikuamuru maji ya malimau yagawiwe mabaharia wote hadi mwaka 1795. Kutoka kikapu cha Mombasa hadi amri hiyo ni karibu miaka 300.

Jasusi aliyekaa ugenini kuliko wote

Pêro da Covilhã anastahili kujulikana zaidi pwani hii. Mwezi Mei 1487 mfalme João II wa Ureno alimtuma yeye na mwenzake Afonso de Paiva wapeleleze biashara ya viungo na nchi ya mfalme Mkristo wa Mashariki. Covilhã alijua Kiarabu. Alivaa kama mfanyabiashara, akapita Cairo, akashuka Bahari ya Shamu hadi Aden, akavuka kwenda Calicut na Goa, akaiona Hormuz, kisha akaja kusini hadi Sofala, bandari ya dhahabu. Hakuwa na meli wala mizinga. Alisafiri kama abiria katika vyombo vya watu wengine, miaka kama kumi kabla da Gama hajatokea na mizinga yake. Kwa jicho langu, safari hiyo inaeleza Bahari ya Hindi ya wakati ule kuliko vitabu vingi: ilikuwa bahari yenye nauli na ratiba ya pepo, na mgeni mwenye adabu alipata nafasi chomboni.

Aliporudi Cairo akamwandikia mfalme wake, kisha akaenda Ethiopia. Wafalme wa huko walimpa ardhi na heshima, wakamkatalia ruhusa ya kuondoka. Ujumbe wa Ureno ulipofika mwaka 1520 ulimkuta, mzee mwenye mke na watoto, miaka 33 tangu aage kwao. Hakurudi.

Msafara wa kwanza kugusa mabara manne

Pedro Álvares Cabral aliondoka Lisbon mwezi Machi 1500 na vyombo 13, akazunguka Atlantiki kwa upana kiasi cha kuigusa Brazil tarehe 22 Aprili, akafika Kilwa mwezi Julai, Malindi mwezi Agosti na Calicut mwezi Septemba. Ulaya, Amerika, Afrika, Asia. Gharama yake ilionekana mapema: mwezi Mei dhoruba ya Atlantiki ya kusini ilimeza vyombo vinne pamoja na watu wote. Kimoja kilikuwa cha Bartolomeu Dias, Mzungu wa kwanza kuizunguka ncha ya kusini ya Afrika, mapema mwaka 1488. Alikufa akielekea rasi ileile aliyowafungulia wenzake.

Njaa ndefu zaidi, na mzunguko wenye mshindi mwingine

Fernão de Magalhães, ambaye ulimwengu unamwita Magellan, alikuwa Mreno aliyehamia utumishi wa Hispania. Aliondoka Septemba 1519 na vyombo vitano na watu takriban 240, akitafuta visiwa vya Maluku kwa kupitia magharibi. Maluku ndiko karafuu ilikoota, na wakati huo haikuota mahali pengine popote duniani. Mlango-bahari wenye jina lake, kusini kabisa mwa Amerika, ulimchukua siku 38. Chombo kimoja kilikuwa kimevunjika, kingine kikatoroka kurudi Hispania na akiba kubwa ya chakula.

Tarehe 28 Novemba 1520 vyombo vitatu viliingia Pasifiki. Nchi yenye watu na chakula hawakuipata hadi Guam, tarehe 6 Machi 1521. Antonio Pigafetta, Mwitalia aliyeandika habari za safari, anasema mikate ilikuwa imegeuka unga wa funza unaonuka mkojo wa panya, na maji yalikuwa ya manjano. Walikula ngozi zilizofungwa kwenye mlingoti baada ya kuziloweka baharini siku nne au tano. Walikula unga wa mbao. Panya mmoja aliuzwa nusu dukati, na bado hawakutosha. Watu 19 walikufa. Walipokaribia Guam walilakiwa na vyombo vyembamba vyenye tengo ubavuni, jamaa wa mbali wa ngalawa zetu, vikikata maji kwa kasi ambayo meli zao hazikuiweza. Watu wa bahari ile walikuwa wakivuka kati ya visiwa vyake kwa nyota na mawimbi tangu karne nyingi zilizopita.

Magellan aliuawa Mactan, Ufilipino, tarehe 27 Aprili 1521, katika vita alivyojitakia mwenyewe. Chombo kimoja, Victoria, kilirudi Hispania tarehe 6 Septemba 1522 kikiongozwa na Juan Sebastián Elcano, na Wazungu 18 waliokonda. Tumboni mlikuwa na zaidi ya tani 20 za karafuu, ambazo bei yake ilitosha kulipia gharama za msafara wote. Mfalme alimpa Elcano nembo yenye mdalasini, kungumanga na karafuu, juu yake tufe la dunia.

Lakini kuna Enrique. Magellan alimpata Melaka mwaka 1511 akiwa kijana, akamfanya mtumwa, akampeleka Ureno kwa njia ya Bahari ya Hindi, kisha Hispania, kisha akamchukua katika msafara. Walipofika Ufilipino Enrique alisema Kimalay na watu wakamwelewa. Alikuwa amebakiza kipande kidogo tu kufunga duara la dunia, miezi 16 kabla Elcano hajalifunga. Magellan aliacha wosia kwamba akifa Enrique awe huru. Manahodha waliobaki wakakataa kuutimiza. Enrique akabaki Cebu, na hapo maandishi yanamwacha. Mimi jina lake naliandika la kwanza.

Kuhusu karafuu, Wareno na baadaye Waholanzi walijitahidi kuifungia Maluku, Waholanzi hata wakikata mikarafuu ya visiwa wasivyovitaka. Karibu mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifaulu kuitorosha miche hadi Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ikapandwa Unguja. Kitu ambacho Magellan alikifia kiliishia kuwa zao la Pemba.

Rekodi iliyoporwa Pasifiki

Kuvuka Pasifiki kwenda magharibi kuliwezekana; kurudi mashariki kulishindikana kwa zaidi ya miaka 40. Pepo zilipingana na kila aliyejaribu. Vitabu vinampa ushindi padri Andrés de Urdaneta, aliyeondoka Cebu tarehe 1 Juni 1565 na kufika Acapulco mwezi Oktoba baada ya kupanda kaskazini sana kutafuta pepo za magharibi. Ni safari kubwa kweli, na njia hiyo ilitumiwa na majahazi ya Manila hadi mwaka 1815, miaka 250. Sijui njia nyingine ya meli za Ulaya iliyotumika mfululizo muda mrefu namna hiyo.

Ila Urdaneta alipofika, alikuwa ametanguliwa kwa miezi miwili. Chombo kidogo San Lucas, kilichotengana na msafara huohuo tangu mwanzoni, kilikuwa kimekwenda Ufilipino na kurudi hadi pwani ya Mexico tarehe 9 Agosti 1565. Rubani wake aliitwa Lope Martín, mtu mweusi aliyechanganya damu, mzaliwa wa Lagos, mji uleule wa Ureno walikogawanywa mateka wa 1444. Hakushangiliwa. Alishutumiwa kwamba aliutoroka msafara, akarudishwa baharini mwaka 1566, na alipogundua kwamba mwisho wa safari ni kitanzi, uasi ukazuka chomboni. Aliachwa kwenye kisiwa cha matumbawe katikati ya bahari aliyokuwa wa kwanza kuivuka kwenda na kurudi.

Shehena ya bure, nyumba ya barafuni, na vifo vya wote

Waingereza na Waholanzi, baada ya njia za kusini kushikwa na Wareno na Wahispania, walijaribu kupita juu ya dunia. Kwa upande wa faida, juhudi hizo ndizo zilizopata hasara kuliko zote. Martin Frobisher alikwenda Aktiki ya Kanada mwaka 1578 na meli 15, akarudi Uingereza na zaidi ya tani 1,000 za mawe aliyodhani yana dhahabu. Hayakuwa na kitu, yakaishia kwenye barabara na kuta.

Willem Barentsz wa Uholanzi alinaswa na barafu Novaya Zemlya mwaka 1596. Watu 17 wakajenga nyumba ya magogo yaliyoletwa na bahari na mbao za meli yao, wakakaa humo kipupwe kizima, gizani, wakila mbweha. Mwezi Juni 1597 walitoka kwa mashua mbili za wazi, na Barentsz akafa baada ya wiki moja. Kumi na wawili walifika kwao.

Msiba mkubwa kuliko yote ni wa John Franklin. Mwaka 1845 aliingia Aktiki na meli Erebus na Terror, zenye injini za mvuke na chakula cha makopo cha miaka mitatu. Watu 129, na hakurudi hata mmoja. Mwaka 1854 John Rae alileta London habari alizopewa na Wainuiti, wenyeji wa Aktiki: Wazungu walikufa kwa njaa wakitembea kuelekea kusini, na walikuwa wamefikia kula maiti. London ilikasirika. Charles Dickens aliandika kwamba maneno ya watu hao hayafai kuaminiwa. Erebus ilipatikana chini ya bahari mwaka 2014, eneo lilelile ambalo masimulizi ya Wainuiti yalikuwa yakilitaja. Terror ilipatikana mwaka 2016 baada ya Mwinuiti mmoja kuwaelekeza watafutaji. Kila neno la msingi walilosema lilikuwa kweli.

Aliyefanikiwa kupita na meli njia iliyomshinda Franklin ni Roald Amundsen wa Norwei, 1903 hadi 1906, na chombo kidogo Gjøa na watu saba kwa jumla, yeye akiwemo. Alikaa karibu miaka miwili jirani na Wainuiti wa Netsilik akijifunza kushona nguo za ngozi na kuendesha mbwa. Kwa biashara njia hiyo haikuwa na maana tena, kwa kuwa mfereji wa Suez ulikuwa wazi tangu 1869.

Mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia

Jeanne Baret alipanda meli ya msafara wa Mfaransa Bougainville mwaka 1766 akiwa amevaa kiume, kwa sababu wanawake walikatazwa melini. Alikuwa msaidizi wa mtaalamu wa mimea Philibert Commerson, na alibeba mizigo mizito kuliko wanaume wengi. Aliishi Mauritius miaka kadhaa, Commerson akafia huko, na mzunguko akaukamilisha alipofika Ufaransa katikati ya miaka ya 1770. Mwaka 1785 mfalme alimpa pensheni.

Vitu viwili vilivyobaki

Astrolabu ya baharini ya kale kuliko zote zinazojulikana duniani, kwa cheti cha Guinness cha mwaka 2019, ilitolewa chini ya bahari, pwani ya Oman. Ni sahani ya shaba yenye kipenyo cha sentimita 17.5, ya kupimia kimo cha jua, nayo ilitoka kwenye meli Esmeralda ya Vicente Sodré, mjomba wa Vasco da Gama. Mwezi Mei 1503 Vicente na nduguye Brás walikuwa wametia nanga Al Hallaniyah. Wavuvi wa kisiwa wakawaonya kwamba upepo mkali unakuja, wahamie upande wa pili. Vyombo vidogo vilihama na kupona. Akina Sodré walitegemea nanga zao za chuma, wakabaki. Upepo ukaja kama ulivyotabiriwa, ukazisukuma Esmeralda na mwenzake kwenye miamba. Kengele ya Esmeralda, yenye mwaka 1498, nayo ina cheti cha kuwa kengele ya meli ya kale kuliko zote.

Kitu cha pili kiko Lisbon. Da Gama alipofika Kilwa mwaka 1502 na msafara wa kivita, alimlazimisha mtawala Ibrahim, kwa tishio la kuuteketeza mji, atoe kodi ya kila mwaka: mithkali 1,500 za dhahabu. Ilikuwa dhahabu ya nyanda za Zimbabwe iliyopitia Sofala. Mfalme Manuel I aliamuru igeuzwe chombo cha ibada, na mwaka 1506 sonara Gil Vicente akamaliza kazi: mnara mdogo wa dhahabu na rangi, wenye mitume 12 waliopiga magoti. Kufikia wakati huo Kilwa ilikuwa imekwisha kushambuliwa na kuporwa, Julai 1505, na Mombasa ikachomwa mwezi uliofuata. Wareno wanakihesabu chombo hicho kuwa miongoni mwa kazi bora kabisa za usonara wao, na usonara ni wao kweli.

Magofu ya Kilwa Kisiwani yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, na kodi yake imo katika Museu Nacional de Arte Antiga. Msomaji utakayejaliwa kufika Lisbon, nenda ukaione, na ukiwa na watoto waambie dhahabu ile ilitoka wapi na ilitolewaje.